Tairi kubwa kwenye Discovery 3: gari ilazwe kwanza, ndiyo ulipe

Bimkubwa wangu ana magoti mabovu. Kwa ajili yake nilinunua Land Rover Discovery 3 yenye springi za upepo: nabonyeza kitufe, gari inalala, yeye anaingia bila ya kunyanyuliwa. Ndiyo maana nilipolalamika kwamba tairi mpya inakwaruza gari ikishushwa, na duka la kwanza la matairi likanijibu, "Usiishushe tu, hutosikia kitu," niliumia kweli.

Kwetu Makunduchi, Unguja, na njia ya kufikia shamba letu ni mawe matupu ya matumbawe. Tairi zilizokuja na gari, saizi 255/60R18, zilikuwa za lami. Mbili zilichanika ubavuni ndani ya mwezi mmoja, na ubavu hauzibiki pancha. Nikataka tairi ngumu, tena kubwa zaidi. Duka hilo la mjini, sitolitaja, likanifunga 265/65R18. Wakainyanyua gari mpaka juu kabisa, wakakata usukani huku na huku, haikugusa, wakapokea pesa. Jioni naishusha Bimkubwa apande, natoka uani nimekata kona, nasikia tairi ya mbele inakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa Mwanakwerekwe, mtu mzima, kibanda chake kidogo. Kabla ya kushika chochote akasema, "Iwashe, ilaze mpaka chini." Akaingia uvunguni kwa tochi mbele, nikimkatia usukani mpaka mwisho kila upande.

Maelezo yake yalinifungua macho. Gari hii haijui umefunga tairi gani. Sensa zake zinapima baina ya bodi na mikono ya magurudumu, kwa hivyo ukibonyeza chini, bodi inashuka kiasi kile kile na kuikuta tairi imeshaijaza nafasi. Na upepo ukivuja, gari italala yenyewe, utake usitake. Akapiga hesabu kwenye simu: tairi ya asili ina kipenyo cha milimita 763, niliyofungwa inafika 802. Gari inanyanyuka nusu tu ya tofauti hiyo, kama milimita 19. Spidi mita nayo ikionesha 60, mimi niko 63.

Akanishauri 265/60R18, milimita 775, ambayo ndiyo saizi ya Toyota Prado 150, kwa hivyo haina taabu kuipata. Nikalalamika kwamba hapo napata milimita 6 tu. "Mwanangu, kunyanyua ni kazi ya kitufe. Tairi kazi yake ni kuhimili mawe." Kitufe chenyewe kina mpaka wake: ukiwa kimo cha juu, ukipita kilomita 50 hivi kwa saa gari inarudi kimo cha kawaida. Lakini kwenye mawe ya kwetu nani atakimbia hivyo?

Kazi yake safi. Kabla ya jeki aliipandisha gari juu, akazima, milango yote ikafungwa na mtoto wangu akakatazwa kuigusa, springi zisije zikaanza kujirekebisha gari ikiwa hewani. Alisisitiza na spea iwe saizi ile ile, kwa sababu gari hii inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na tairi zikipishana ukubwa diferensha, yaani giya zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ndiyo inayoumia. Ya tano sikuiwekea bajeti, nikanunua. Kufunga na kubalansi alinitoza elfu kumi kila moja. Zile 265/65R18 za duka la kwanza alinitafutia mteja, nikapoteza kama theluthi ya bei.

Kasoro: foleni ndefu, hakuna pa kukaa, na alaimenti hana, nilikwenda kuifanya kwengine.

Nimeshakwenda shamba mara saba. Kwenye lami zinavuma zaidi kidogo kuliko za zamani. Ubavu una mikwaruzo, haujachanika. Ijumaa iliyopita niliilaza gari uani, usukani nimeukata kushoto kabisa, Bimkubwa akapanda na bakora yake, nikaondoka hivyo hivyo. Haikugusa.