Minyoo wekundu kwenye udongo wenye risasi: niliyoyaona Mikindani

Nianze na alama. Kama watengenezaji wa mboji, minyoo hawa nawapa nyota tano. Kama dawa ya kuondoa risasi ardhini, yaani ile metali yenye sumu ya kwenye betri, nawapa mbili.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani, Mombasa, mpangaji aliyetutangulia alikuwa akibomoa betri za magari. Nilipeleka udongo maabara, majibu yakarudi na risasi nyingi kupita kiasi kinachofaa mahali wanapocheza watoto. Mkazi wa pande hizi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Owino Uhuru ni majirani zetu. Ni kwa ajili ya watoto wa kijiji kile, waliopata sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, mwanaharakati Phyllis Omido alipigana mpaka akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza udongo usafishwe. Kwa hiyo nikisikia kuna kitu kinachosafisha udongo, nasimama kusikiliza.

Muuzaji ni kijana wa huku huku Pwani. Alisema, "Mama, hawa wanakula risasi yote, wewe subiri tu." Minyoo wenyewe walifika wazima, ndani ya ndoo za samadi iliyooza nusu: ni wale wembamba wekundu ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida. Alinionyesha namna ya kuwawekea kivuli na kupima unyevu kwa kufinya samadi mkononi. Kwa huduma sina neno baya.

Cha kujua kwanza ni kwamba hawa ni minyoo wa samadi na takataka za jikoni. Ukiwamwaga juu ya udongo mtupu uliochomwa na asidi ya betri, watahama au watakufa. Tulitandaza samadi ya ng'ombe iliyokaa, maganda ya ndizi na majani makavu, tukafunika kwa makuti na kunyunyizia maji jioni. Hapo wakatulia, wakazaana. Udongo uliokuwa mgumu kama sakafu, maji ya mvua yakipita juu kwa juu, ukaanza kunywa maji. Ukoka ukashika mahali ambapo hapakuwahi kuota hata gugu. Mimi hilo nalihesabu kuwa faida kubwa kuliko zote, kwa sababu watoto huipata risasi zaidi kwa vumbi na mikono michafu mdomoni. Uwanja uliofunikwa na nyasi hautoi vumbi.

Lakini nilipopima tena, risasi ilikuwa palepale. Sikushangaa, maana hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya mraba ya udongo, kwa kina cha sentimita 10, ina uzito unaopita kilo 100. Minyoo wa eneo hilo hata wakistawi vipi ni kama kilo moja, na sehemu kubwa ya risasi wanayomeza hutoka tena na kinyesi chao. Metali haiozi. Mnyoo anaweza kuhifadhi kiasi mwilini, hasa kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ambayo huifunga kwa protini maalumu ndani ya seli zake. Akifa, vyote vinarudi ardhini.

Wanachobadilisha ni hali ya risasi hiyo. Kinyesi chao hupunguza uchachu wa udongo, na mboji yake hushika risasi isiyeyuke ovyo kwenye maji na kunywewa na mizizi. Sifa hiyo nayo ina mpaka. Kuna udongo na kuna metali ambapo uchimbaji wa minyoo huifanya metali iwe nyepesi zaidi kunyonywa na mimea. Ndiyo maana wanaowatumia kwa makusudi wakati mwingine huwaunganisha na mimea inayovuta metali, kisha mimea hiyo huvunwa na kutupwa kama taka ya hatari. Kwenye bustani ya nyumbani, mchicha wako ndio utakaokuwa mmea huo, na utaishia sufuriani.

Jambo lililonikera, na nalisema kwa uzito: kijana alinishauri minyoo wa ziada niwape kuku. Kwa minyoo waliolelewa kwenye samadi safi, ni chakula kizuri sana. Kwa minyoo waliokaa kwenye udongo wa betri, hapana kabisa. Kuku akiwala, metali inaingia kwenye mayai na maini, na anayekula mayai ni mtoto yuleyule unayemkinga. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Nimezungushia eneo lote wavu, na muuzaji yeyote wa minyoo anapaswa kumwambia mteja hivyo kabla ya kupokea pesa.

Sukuma wiki na karoti nimezihamishia kwenye magunia yenye udongo safi kutoka kwingine. Minyoo wa mboji ya mboga nao nimewatenga, wako kwenye kreti yao upande wa jikoni, hawajagusa uwanja ule.

Nitaagiza tena, kwa ajili ya ukoka na mboji. Kwa risasi yenyewe sasa natafuta unga wa mifupa ya samaki. Oakland, Marekani, waliuchanganya kwenye udongo wa mtaa wa South Prescott, kwa kuwa fosfeti ya mifupa hushikana na risasi na kufanya madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi. Mifupa ya samaki Mombasa haikosekani, na minyoo watasaidia kuuchanganya ardhini. Nikishautia, nitaiomba maabara inipimie risasi inayoyeyuka peke yake, mbali na ile jumla, maana kipimo hicho ndicho kitakachonionyesha kama kuna kilichobadilika.