Vidonge vya kurefusha, kopo zima nimemaliza: nyota moja

Jamani mi nina miaka 26 na hivi vidonge vya "kuongeza urefu hata baada ya miaka 25" nimemeza siku 90 bila kuruka, viwili asubuhi viwili usiku. Kopo lenyewe zuri, kifuniko kinabana, nyota moja ni ya hapo. Nilianza sm 168 nimeishia sm 168.

Ila wiki ya kwanza nilishangilia maana nilisoma 169 na kidogo! Kumbe kikaratasi cha ndani kinakwambia kipimo cha kuanzia chukua jioni, vya maendeleo chukua ukiamka tu. Sasa ukilala zile sahani laini katikati ya pingili za uti wa mgongo zinanyonya maji zinavimba, unaamka umezidi kama sentimita moja, ukishinda umesimama zinabanwa jioni umerudi palepale, na hiyo inampata kila mtu hata asiyemeza kitu. Nilivyokuja kupima jioni kwa jioni, sifuri.

Baadaye goti likanipeleka hospitali, wakapiga eksirei, daktari akaniwekea yangu na ya mtoto pamoja. Ya mtoto karibu na ncha ya mfupa kuna mstari mweusi, hapo ndo kwenye gegedu (ile tishu laini kabla haijawa mfupa), seli zake zimepangana kama sarafu, za juu zinagawanyika, za chini zinavimba, zinashika chokaa zinakufa, kisha seli za kujenga zinaingia zinaweka mfupa. Ndo kurefuka kwenyewe huko. Homoni ya ukuaji inatoka kwenye tezi ya pituitari, inaliamsha ini litoe IGF-1 (homoni nyingine ya kukuza), homoni ya tezi ya shingo nayo imo. Balehe ikifika estrojeni, ile wanayoiita homoni ya kike, inakoleza moto, halafu hiyohiyo inakuja kufunga mlango, na hata sisi wanaume ni estrojeni, mi siku zote nilijua testosteroni. Kuna jamaa aliripotiwa na madaktari 1994, alikuwa na miaka 28 na sm 204 na bado alikuwa anarefuka, kisa mwili wake ulikuwa hausikii estrojeni kabisa.

Kwangu pale kwenye mstari mweusi pamebaki kauzi keupe tu.

Ndani ya kopo kuna kalsiamu, vitamini D na zinki. Sio vitu vibaya, mtoto akikosa vitamini D anapata matege, lakini gegedu ikishageuka mfupa hamna kidonge cha kuirudisha. Sio kwamba mfupa wangu umekufa, kila mwaka kama asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima inabomolewa na kujengwa upya, ila huo ni ukarabati, nyumba ni ileile (haiongezwi ghorofa).

Niliwaandikia wauzaji, wakasema mwili wangu mzito kuitika niagize kopo la pili. Nikawatumia picha ya goti. Kimya mpaka leo.