Uzoefu wangu: tamasha la miti ya Krismasi kanisani, na yule mama wa mlangoni

Naandika hii bado nina hasira, kwahiyo ikiwa ndefu mnivumilie. Walioko Uingereza, hasa kwenye hivi vimji vidogo, mnayajua haya matamasha ya miti ya Krismasi. Desemba ikianza tu kanisa la Anglikana la pale mjini linajazwa miti, kila kikundi na wake, shule, zimamoto, skauti, kinyozi, akina mama wafuma sweta, halafu watu wanalipa kiingilio wanazunguka na chai mkononi wanaupigia kura uliowavutia. Mwaka huu kwetu hela ilikuwa ya kugeuza nyuma ya kanisa iwe ukumbi wa watu wote, jiko, vyoo vya maana, sehemu ya kukaa hata kama husali.

Wazo zuri na narudia ni zuri, nisije nikaambiwa nina chuki na kanisa.

Sasa humo ndani na sisi tulikuwa na mti wetu, wa nyumba ya wazee ninapofanya kea, yaani kazi ya kuwahudumia. Wazee wameupamba wenyewe. Malaika ni zile glavu za bluu za kazini, zimepulizwa vidole vikawa mabawa. Na kuna bibi mmoja alikuwa fundi cherehani enzi zake, mikono inatetemeka kikombe hakishikiki, ila mpe sindano uone, uzi unapita tundu mara moja, kashona nyota kutoka kitenge changu kilichobaki. Nikasema siku ya ofu lazima nimpeleke mama akaione, mama yangu yuko hapa kunitembelea katokea Moshi.

Tumefika mlangoni, mama kavaa kitenge chake na koti langu juu, mimi nimebeba mfuko wa supamaketi. Mbele yetu kuna mtu na mkewe, wamekaribishwa vizuri, wamepewa karatasi ya kura, hadi mbwa wao kapapaswa kichwa. Zamu yetu, hata sijafungua mdomo, yule mama mwenye beji kanikatisha, "Mpenzi, chakula cha msaada ni Jumanne. Leo ni tamasha, kuna kiingilio."

Na kainamisha kichwa pembeni kabisa, ile ya huruma.

Mama ananiuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia anasema karibuni. Mama akasema mwambie asante, Mungu ambariki. Ikabidi nimwambie asante jamani! Nimegonga kadi kwenye mashine, pauni 3 kila mmoja, mkono unatetemeka kuliko wa yule bibi.

Na msinielewe vibaya, kuchukua chakula cha msaada sio aibu, nawajua manesi kabisa wanaenda na mishahara yao, nchi ngumu hii. Ninachouliza ni kwanini yule wa mbwa hakuambiwa Jumanne. Kilichozidi kuniudhi ni ukutani, kuna maelezo ya historia ya mti wenyewe, kumbe umekuja na Wajerumani, malkia Charlotte wa Uingereza aliuweka Windsor kwenye makao ya kifalme mwaka 1800, halafu mwaka 1848 gazeti likachora malkia Victoria na mumewe Albert na watoto wamezunguka mti ndo nchi nzima ikaiga. Hata hii Nordmann, aina ya mti wa Krismasi inayouzwa kila kona, asili yake milima ya Caucasus huko. Yaani mti mgeni unapewa taa na nafasi mbele ya madhabahu, mimi ninayewaogesha mama zao naonyeshwa ratiba ya Jumanne.

Ila nikiri miti ilikuwa mizuri, wa zimamoto wameuzungushia mpira wa maji kuanzia chini hadi juu, mama kacheka mpaka kashika benchi.

Halafu kwenye meza ya ramani kuna mzee mmoja, mpole, katuamkia kwanza ndo akaanza kueleza, na huyu ndiye aliyeniharibia hasira zangu. Anasema usione wanachelewa, jengo limeorodheshwa daraja la kwanza kwenye majengo ya kihistoria yanayolindwa, kung'oa mabenchi ya enzi za Victoria unahitaji kibali cha dayosisi, na dayosisi ina jaji wake kabisa anaitwa chansela, watu wa kutetea majengo ya kale nao wanaweza kupinga. Hapo hujagusa VAT ya asilimia 20, mwaka 2025 serikali iliweka kikomo cha kuwarudishia makanisa hiyo kodi, pauni 25,000 kwa mwaka kwa kila jengo. Nikawaonea huruma kweli. Mama ni mtu wa umoja wa wanawake usharikani, akisikia ujenzi wa kanisa mkono unaenda wenyewe kwenye pochi, katoa noti ya pauni 10 niliyompa mimi katumbukiza kwenye sanduku. Nilitamani niitoe! Kumi nzima, na yule wa mlangoni bado yuko palepale anawachekea watu.

Wanakupa na vikaratasi uandike unataka nini kwenye huo ukumbi. Watu wameandika yoga, kahawa, sehemu ya watoto. Mama kaniambia andika jiko liwe na mlango wake wa nje, masufuria ya msiba hayawezi kupitishwa katikati ya watu wanaosali. Mzee wa ramani kasoma, kaangalia mchoro, kimya, halafu katoa kalamu kaweka alama. Kumbe walikuwa hawajaweka mlango.

Kwahiyo nyota ngapi sijui. Nilianza na moja, kwa mzee na miti wangepata nne, nikimkumbuka yule mama na kichwa chake cha pembeni narudi mbili. Mkienda nendeni mchana, keki ya limau inaisha mapema, na kura yenu mpigieni bibi wa nyota.