Betri ipi kwa ndege ya kujijengea? Kagua nyaya kwanza

Anayejijengea ndege huuliza swali la betri mapema mno, mara nyingi kabla hajajua vifaa vyake vitakula ampea ngapi. Mwongozo huu unapanga betri za volti 12 zinazopatikana kwa ndege ndogo, kuanzia ile ninayoipendekeza kwa wajenzi walio wengi hadi ile isiyofaa kuingia ndegeni kabisa. Unaanza na nyaya, kwa sababu betri ya kuwashia injini, hata ikiwa ndogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, inaweza kusukuma mamia ya ampea kwenye waya uliopiga shoti, na umeme wa kiasi hicho huyeyusha ganda la waya kabla rubani hajaifikia swichi kuu.

Nyaya kabla ya betri

Ukaguzi hufanywa betri ikiwa haimo. Ikiwa tayari imefungwa, kichwa cha hasi ndicho kinachotolewa kwanza na kurudishwa mwisho, kwa kuwa spana ikigusa bodi wakati chanya inalegezwa na hasi bado imeunganishwa, spana hiyo yenyewe inapiga shoti. Pete na saa za chuma zivuliwe. Kisha kuna jambo ambalo hata fundi umeme mzoefu wa magari hulikosea: magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi bila kutegemea betri, haizimwi kwa kukatiwa umeme, bali kwa kuunganishwa na ethi, yaani upande wa hasi wa mfumo. Waya wake wa kuzimia ukikatika, au ukichomolewa ili upimwe, magneto iko hai, na mtu akizungusha propela kwa mkono injini inaweza kuwaka hata kama ndege haina betri. Nyaya za plagi zichomolewe kabla ya kugusa swichi ya magneto, na hata hivyo watu wakae mbali na propela.

Baada ya hapo kila fungu la nyaya lifuatwe kwa jicho na kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka sehemu iliyojificha nyuma ya dashibodi. Penye tundu la bati pawe na pete ya mpira. Penye ukuta wa moto, yaani ule unaokinga chumba cha rubani na moto wa injini, mpira peke yake hautoshi, panahitajika kinga ya chuma cha pua na lakiri isiyoshika moto. Waraka wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wa mwaka 1998, AC 43.13-1B, ambao wajenzi wa ndege huutumia kama kipimo chao cha kazi nzuri, unataka fungu likibonyezwa kwa mkono kati ya vishikizo viwili lisilegee zaidi ya nusu inchi, na kona yake isiwe na nusu kipenyo kidogo kuliko mara 10 ya unene wa fungu lenyewe. Karibu na bomba la mafuta, nyaya zipite juu ya bomba na si chini yake, na zisitumie bomba kama kishikizo, kwa sababu cheche ya waya uliochubuka inaweza kutoboa bomba na kuwasha kile kinachovuja.

Wapo wanaoamini kwamba fyuzi itawaokoa na hatari hiyo. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair namba 111 ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 waliokuwemo wakafa. Wachunguzi walihusisha moto wake na cheche za waya zilizowasha kifuniko cha vihami joto vilivyokuwa juu ya dari. Cheche za namna hiyo huja na kuondoka kwa vipindi vifupi sana, na kikata umeme cha kawaida, kilichoundwa kuitikia joto la umeme uliozidi, huenda kisizitambue. Ndiyo maana mchubuko mdogo wa ganda hautengenezwi kwa utepe, waya hubadilishwa.

Aina ya waya yenyewe husomwa ubavuni mwake. Maandishi M22759/16 yanaonyesha shaba iliyopakwa bati yenye ganda la plastiki ya Tefzel, linalostahimili nyuzi 150 za Selsiasi, na huo ndio waya ninaouweka wa kwanza bila kusita. Waya wa gari wenye ganda la PVC ni rahisi kupatikana, lakini ukiungua hutoa moshi wenye asidi unaokaba koo, na chumba cha rubani hakina mlango wa kukimbilia.

Vichwa vya waya vivutwe kimoja kimoja kwa mkono. Kile kilichobanwa kwa koleo zuri la meno hakitikisiki, na ukikitazama kwa karibu utaona mibano miwili: mmoja umeuma shaba, wa pili umekumbatia ganda ili mtetemo wa injini usiufikie uzi wa shaba. Kichwa chenye rangi nyekundu ni cha nyaya nyembamba za saizi 22 hadi 18 (namba ikipungua waya ni mnene zaidi), cha bluu ni cha 16 na 14, cha njano ni cha 12 na 10. Ukikuta kichwa cha njano kimebanwa kwenye waya wa saizi 18, kitoe hata kama hakijalegea. Kulehemu kwa risasi si kosa, ila pale risasi inapoishia waya huwa mgumu kisha ghafla laini, na hapo ndipo mtetemo huukatia, pategemezwe.

Fyuzi ipo kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya kifaa. Waya wa saizi 22 hulindwa kwa ampea 5, wa saizi 18 kwa ampea 10, na anayeweka fyuzi kubwa zaidi kwa sababu ndogo inakatika kila mara ameugeuza waya wake kuwa pasi. Kebo nene kati ya betri na kontakta kuu, swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, kwa kawaida haina fyuzi kabisa, na kwa hiyo lazima iwe fupi. Ukiona mita mbili za kebo hiyo zikipita chini ya kiti, kontakta ihamishiwe kando ya betri.

Umeme wa kwanza

Pima ukinzani kati ya upande wa chanya wa kibao cha fyuzi na ethi, fyuzi zote zikiwa zimetolewa na betri ikiwa haijafungwa. Hata kipimo kikiwa kizuri, yaani hakionyeshi shoti, umeme wa kwanza usitoke kwenye betri moja kwa moja. Balbu ya breki ya gari, wati 21, ikiunganishwa kati ya chanya ya betri na mfumo wa ndege, haitapitisha zaidi ya ampea 2 hivi hata kukiwa na shoti kamili. Fyuzi zirudishwe moja moja huku balbu ikitazamwa: ikiwaka hafifu, ni kifaa kinachokula umeme wake wa kawaida, ikiwaka kwa nguvu zake zote, ama kifaa hicho ni mlaji mkubwa, jambo unaloweza kulijua kwa kusoma kibandiko chake, ama saketi hiyo ina shoti, na hakuna kilichoungua.

Mfumo ukishapita mtihani huo, betri iunganishwe kikamilifu na kila kifaa kipimwe kikifanya kazi. Kwa mfumo wa volti 14, yaani wa betri ya volti 12 ikichajiwa, waraka ule ule wa FAA unaruhusu volti zishuke kwa nusu volti kwenye saketi ya kudumu na kwa volti 1 kwenye saketi ya vipindi. Mimi huanzia upande wa hasi, kati ya kichwa cha hasi cha betri na ganda la kifaa, kwa sababu ethi zilizofungwa juu ya rangi au kutu ndizo zinazodharauliwa zaidi. Ndege ya nyuzi za kioo haina bodi ya kurudishia umeme, hivyo kila kifaa kinahitaji waya wake wa kurudi.

Ujazo unaohitajika

Alternata ikifa angani, betri ndiyo iliyobaki. Tuseme redio, transponda, skrini, pampu na mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi vinakula ampea 8 kwa pamoja, nawe unataka dakika 45 za kutafuta uwanja. Hizo ni ampea-saa 6. Kwa kuwa betri ya ndege huhesabiwa imechakaa ikishuka hadi asilimia 80 hivi ya ujazo wake, inunuliwe yenye ampea-saa 7.5 au zaidi ikiwa mpya.

Tatizo ni kwamba kibandiko hakisemi lugha moja. Betri za ndege hupimwa kwa kumalizwa ndani ya saa 1. Za pikipiki na nyingine nyingi hupimwa kwa saa 10 au 20, na betri ya risasi yenye ampea-saa 16 kwa kipimo cha saa 20 hutoa pungufu sana ikimalizwa kwa saa 1. Baadhi ya wauzaji wa lithiamu huandika namba iliyoitwa PbEq, ambayo ni makadirio ya betri ya risasi yenye nguvu sawa ya kuzungusha stata. Haielezi ujazo halisi, ambao huweza kuwa theluthi tu ya namba hiyo. Asiyeuona ujazo halisi katika karatasi ya mtengenezaji asilipe.

Mpangilio wangu

Ya kwanza, kwa wajenzi walio wengi, ni betri kavu ya risasi ya aina ya AGM, ambayo asidi yake imefyonzwa na mkeka wa nyuzi za kioo. Odyssey PC680, yenye ampea-saa 16 kwa kipimo kirefu na uzito wa takriban kilo 7, imefungwa katika ndege nyingi za kujijengea za Van's RV ingawa haikuzaliwa katika urubani. Kampuni ya Concorde hutengeneza za namna hii mahususi kwa ndege. Betri ya AGM inalala ubavu bila kumwagika, inavumilia regyuleta (kidhibiti volti) isiyo kamilifu, na ikianza kuchoka stata huzunguka kwa uzito, onyo ambalo rubani hulisikia akiwa bado ardhini. Kasoro yake kubwa zaidi ya uzito ni kwamba ikiachwa miezi kadhaa bila chaji huharibika isirudi.

Ya pili ni lithiamu yenye chuma na fosfeti iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege, kama za kampuni ya EarthX, ambazo hufanya kazi ya PC680 kwa kilo 2 hivi. Isichanganywe na betri zilizosababisha Boeing 787 zizuiwe kuruka Januari 2013. Zile zilikuwa za kobalti, kemia inayoshika moto kwa urahisi zaidi. Hata hivyo ina masharti ambayo muuzaji huyapitia haraka. Alternata isizidi ampea zinazotajwa na mtengenezaji. Lazima pawe na kinga ya volti zilizozidi, kwa sababu saketi ya ndani ikijikata ghafla injini ikizunguka, volti hupanda na kuua redio. Isichajiwe chini ya nyuzi 0, isifungwe upande wa injini bila kuthibitisha joto linaloruhusiwa, na chaja yenye hali ya kuondoa salfeti isitumike. Volti zake hubaki karibu palepale hadi mwisho kisha huporomoka, kwa hiyo kipima volti hakitakwambia imebaki kiasi gani.

Tena kuna uzito wenyewe. Kuondoa kilo 5 kwenye ukuta wa moto, mita 1 mbele ya kitovu cha uzito, katika ndege ya kilo 500, husogeza kitovu hicho nyuma kwa sentimita 1, nao upande wa nyuma ndio wa hatari. Kwa ndege yenye mkia mzito tayari, wepesi huo ni hasara. Kwa yenye pua nzito, naipandisha lithiamu hadi nafasi ya kwanza.

Ya tatu ni betri ya maji ya ndege. Kila chumba chake hupimwa kivyake kwa haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi, kati ya 1.275 na 1.300 ikiwa imejaa, faida ambayo betri kavu haina. Lakini asidi hula aluminiamu, na kisanduku, bomba la hewa na bomba la kumwagia hula muda wa ujenzi. Ya nne ni betri kavu ndogo ya pikipiki: inaitosha injini ndogo kama Rotax 912, haiitoshi injini kubwa ya silinda nne wakati wa baridi. Betri za nikeli-kadimiamu waachiwe wenye karakana za kitaalamu.

Mwisho kabisa, na nje ya orodha, ni pakiti ya lithiamu iliyoungwa nyumbani kwa seli za droni au zilizotumika. Haina saketi ya ulinzi inayoaminika, na moto wake hauzimiki ndani ya chumba cha rubani.

Dukani, soma tarehe ya kutengenezwa, kisha pima volti kabla ya kulipa. AGM iliyojaa husoma karibu 12.8, lithiamu iliyopumzika karibu 13.3, na AGM iliyokaa rafuni hadi ikashuka chini ya 12.4 irudishwe hapohapo. Kila mwaka, imalizwe kwa mzigo unaojulikana, kwa mfano ampea 8 zile zile, huku saa ikihesabiwa hadi betri ya risasi ifike volti 10.5 au lithiamu ifike kikomo cha mtengenezaji wake. Ikishindwa kufikisha dakika 45, ibadilishwe hata kama bado inawasha injini vizuri.