Kioo cha fundi saa kwa mashua kuukuu: kizuri, ila namba yake ya uongo

Kioo hiki cha kukuzia, cha kukunja, kama vinavyouzwa kwenye meza za vifaa vya mafundi saa Mwanjelwa, Mbeya, kimeandikwa 30x, yaani hukuza mara 30. Usiamini. Kiweke juu ya rula, kisogeze mpaka mistari isomeke, kisha pima umbali kati ya lenzi na rula. Kinachokuza mara 10 huona vizuri kwenye sentimita 2.5 hivi, cha mara 30 kingetaka kuwa chini ya sentimita 1. Hiki kinatulia kwenye 2.5. Kwa anayekarabati mashua ya tanga kule Matema au Itungi, Ziwa Nyasa, na kutaka kujua umri wake, mara 10 zinatosha.

Anza na kichwa cha ubao, yaani ncha iliyokatwa, si ubavu. Kata kwa wembe mpya, lowesha, ndipo utazame. Wembe butu huponda nyuzi, ukaona uji mtupu. Mvule una vitundu vikubwa vilivyotawanyika, kila kimoja na mabaka meupe pembeni kama mabawa. Msindano (paini) hauna vitundu hivyo, ila vijifereji vya utomvu hapa na pale. Ukikuta ubao wa msindano wenye pete pana, kama wa mashamba ya Sao Hill, katikati ya mbao za mvule, hapo pamewekwa kiraka.

Hamia kwenye rangi. Sugua duara la sentimita 3 kwa msasa wa maji namba 240, malizia na 600, kisha hesabu matabaka. Ubao wenye mawili kati ya majirani wenye saba umeingia baadaye. Usisugue kavu: rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Skrubu ndizo hudanganya watu. Za nyota zilipata hataza Marekani mwaka 1936, lakini moja tu haikupi umri wa mashua. Huenda ni ya ukarabati. Tafuta iliyojificha chini ya matabaka yote ya rangi, karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua). Ya shaba njano iliyogeuka waridi imepoteza zinki: ukiikaza, kichwa kinabaki kwenye bisibisi.

Kasoro: bawaba inalegea upesi, na kingo za lenzi zina ukungu, kwa hiyo soma katikati tu. Nyota tatu kati ya tano. Kabla ya kulipa, gusisha lenzi mdomoni. Ya kioo huwa baridi, ya plastiki sivyo, na ya plastiki itakwaruzwa na vumbi la msasa siku ya kwanza.