Kusaidia wanafunzi hesabu kupitia Telegram: uzoefu wangu

Mchana nafundisha hesabu sekondari, jioni nasaidia kwenye kundi la Telegram la wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne kutoka mikoa mbalimbali. Wengi wao siwajui kwa sura. Walimu wenzangu wanaotaka kuanzisha kundi la namna hii huniuliza kama Telegram inafaa au wabaki kwenye programu waliyozoea. Nawajibu kwamba inafaa, tena sana, ilimradi kundi likatae kugawa majibu.

Hilo la majibu ndilo linaloamua kila kitu. Mwanafunzi anaingia: "Shikamoo mwalimu, naomba jibu la swali la 7, nakusanya kesho asubuhi." Picha aliyotuma ni ya karatasi ya maswali tu, haina hata alama ya kalamu. Ukimpa jibu, kesho atakusanya, lakini mwezi Novemba atakaa peke yake na mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa hesabu, Basic Mathematics: muda wa saa tatu, maswali 14, yote ya lazima. Sehemu A ni maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ni maswali 4 ya alama 10 kila moja, na msahihishaji anataka kuona njia, haridhiki na namba ya mwisho. Kwa hiyo sharti letu ni moja: tuma picha ya daftari lako, hata kama umeandika mstari mmoja ukakwama. Ambaye hana hata huo mstari aandike swali linampa nini na linataka nini. Ajabu ni kwamba wengine wakishaandika hivyo, wanaendelea wenyewe.

Hapo ndipo naipendea Telegram. Naifungua picha ya daftari, nachora duara jekundu kwa kidole pale kosa lilipoanzia, naituma chini ya ujumbe wake. Maelezo marefu hayahitajiki. Mwenye mwandiko mdogo au kamera hafifu namwambia atume kama faili, picha isipunguzwe ubora, ingawa faili linakula bando zaidi.

Nitoe mfano mmoja. Swali lilikuwa hili: mfanyabiashara ameuza redio kwa shilingi 480,000 na kupata faida ya asilimia 20, aliinunua kwa bei gani? Binti wa kidato cha tatu alitafuta asilimia 20 ya 480,000, akapata 96,000, akatoa, akaandika 384,000. Kuzidisha na kutoa kwake hakukuwa na kasoro yoyote. Sikumwambia amekosa. Nilimwandikia: "Chukua hiyo 384,000 yako, iuze kwa faida ya asilimia 20, uone utapata ngapi." Akakaa kimya kidogo, akarudi na 460,800. "Mwalimu, mbona haifiki?"

Nikamuuliza, "Asilimia 20 ya nini?"

Kijana mmoja wa kidato cha tano, ambaye hutusaidia kujibu, alitaka kumalizia. Nikamwomba avute subira. Kisha ikaingia sauti ya yule binti, anaongea harakaharaka: faida inahesabiwa kwenye bei ya kununulia, kwa hiyo 480,000 ni asilimia 120, asilimia 1 ni 4,000, bei ya kununulia ni 400,000. Akaihakiki bila kuambiwa: asilimia 20 ya 400,000 ni 80,000, ukijumlisha unarudi 480,000. Siku kama hiyo nalala na furaha.

Kosa lile halikuwa la binti yule peke yake. Kesho yake niliweka swali la aina hiyohiyo, kwa namba nyingine, kama chemsha bongo. Telegram inakuruhusu kuweka swali lenye jibu moja sahihi, na maelezo mafupi, yasiyozidi herufi 200, yanayomtokea aliyekosea. Kazi kubwa iko kwenye kutunga yale majibu yasiyo sahihi. Usiweke namba za kubahatisha. Kila moja itokane na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Asilimia zikionyesha kwamba kundi kubwa limechagua jibu la kutafuta faida kwenye bei ya kuuzia, unajua jioni utaanzia wapi. Na kwa kuwa chemsha bongo hiyo, ukiiweka kama kura ya siri, haionyeshi nani kachagua nini, hata wale wanaoogopa kuchekwa wanajibu. Kwa mtu anayefundisha hesabu, hicho kitu pekee kinatosha kumfanya ahamie huku.

Kuna pia maandishi ya kufichwa: naandika dokezo, nalificha, na anayetaka kujaribu kwanza hana haja ya kuligusa. Mgeni akijiunga anaweza kusoma maswali ya zamani ikiwa umeruhusu historia ionekane, na kutafuta kwa neno. Kwenye programu tuliyotoka nayo, mgeni alikuta ukurasa mtupu, kwa hiyo swali moja la logi lilijibiwa upya kila wiki.

Suala la lugha nalo tulilipangia utaratibu. Wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na mtihani wa kidato cha nne unakuja kwa Kiingereza. Mjadala wote tunaufanya kwa Kiswahili mpaka mtu aelewe, halafu anaandika hatua zake kwa Kiingereza, kama atakavyoziandika kwenye chumba cha mtihani.

Wapo wanaoniuliza kuhusu programu za kupiga picha swali, kama Photomath. Inasoma mlinganyo na kuonyesha hatua, na kwa kuhakiki kazi ni nzuri. Ila haikuulizi asilimia 20 ya nini.

Usalama usiupuuze, maana hawa ni watoto. Kabla ya yote waelekeze kwenye mipangilio waifiche namba ya simu, na msaidizi yeyote ajibu kundini, si faraghani. Anayeleta habari za kuuza mtihani aondolewe papo hapo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza kampuni za simu kuizuia Telegram saa za mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, kwa sababu ya udanganyifu wa mitihani. Ukiliacha kundi lako liwe soko, unawaharibia hata watoto waliokuja kusoma kwa nia njema.

Kinachoniuma ni wale wasiofika kabisa. Nyumba nyingi zina kiswaswadu tu, au simu janja moja ya mzazi inayorudi nyumbani saa mbili usiku. Kwa ajili yao tunaanza saa mbili na nusu hadi saa nne, na picha au video hazijipakui zenyewe mpaka mtu azigonge. Kule kujipakua kunazimwa kwenye mipangilio, na hilo linaokoa bando kweli.

Ukitaka kuanza, usianze peke yako. Tafuta walimu wawili watatu na vijana wa kidato cha tano wanaosoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) au EGM (uchumi, jiografia na hesabu), mgawane siku. Karibu na mitihani washa kizuizi cha kasi, kila mtu atume ujumbe mmoja kwa dakika kadhaa. La sivyo daftari la mtoto mpole litamezwa na salamu.