"Dada, shemeji yuko wapi?" Uzoefu wangu na gereji ya vigae, klachi inayochakacha na mzee wa Tabata

Naanza na hili kwa sababu linaniuma kuliko hela. Nimefika mapokezi, nimesimama mbele ya kijana mwenye fulana ya nembo, nikamweleza ugonjwa wa gari langu neno kwa neno: "Nikiwasha, gari imesimama, gia iko nyutro, inalia karakarakara kama kuna kayamba huko chini. Nikikanyaga klachi inanyamaza. Nikiachia inaanza tena." Kijana akaniangalia, akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu anakuja, akasema: "Sawa dada. Shemeji yuko wapi tuongee naye?"

Shemeji! Shikamoo hakunipa, na mimi nina mtoto wa kidato cha nne. Halafu huyo shemeji wake, yaani mume wangu, hajawahi kuendesha manuali tangu azaliwe. Siku moja alijaribu kulitoa gari uani, likaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, likazima, akanirudishia funguo bila kusema neno. Huyo ndiye walitaka wamuulize habari za klachi.

Jina la gereji silitaji. Iko barabarani kabisa, ina vigae, ina kochi, ina feni, maji ya kunywa unapewa bure. Aina ya gari nayo siitaji, maana ugonjwa huu hauchagui kampuni. Ni mtumba wa Japani kama magari mengi ya mji huu, nimelinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Dar, kabla ya masika, au masika yalikuwa yameshaanza, sikumbuki vizuri. Nakumbuka tope. Sauti niliisikia baadaye. Mwanzoni nikadhani ni lile bati la kukinga joto juu ya ekzosi, nikampa kijana wa kuosha magari alifunge kwa waya. Bati likatulia. Kayamba likaendelea.

Basi pale gereji wakachomeka kompyuta, 30,000. Kompyuta ikasema gari zima. Ingesema nini kingine? Sahani ya klachi ya gari kama langu haina waya wala sensa ya kupeleka habari popote. Ningejua mapema, hiyo 30,000 ningenunulia samaki Feri.

Mchana akatoka fundi mkuu anajifuta mikono, akatoa hukumu: beringi ya rilizi. Mtu mwenye ovaroli safi akikutajia beringi ya rilizi, unaitikia tu. Nikalipa beringi 55,000 na kushusha na kupandisha giaboksi 150,000. Gari likalala huko siku mbili, au tatu. Nilipanda daladala mpaka nikakumbuka kwa nini nilinunua gari.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo presha yangu inapopandia. Hii beringi kazi yake inaanza ukikanyaga. Mguu ukishuka, yenyewe inasukuma vidole vya presha pleti, lile bamba linaloibana sahani ya klachi, ili sahani iachiwe. Ikichoka, kwa kawaida inalia UKIKANYAGA: inalia kama mlango mkavu, au kama kuna mchanga unasagwa. Ya kwangu ilikuwa kinyume kabisa, ukikanyaga ndiyo kimya. Na hilo sikulificha! Nililisema mapokezi, kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla hata sijakaa kwenye kochi lao. Lakini nani ameliandika? Karatasi ya kazi nimeiona kwa macho yangu, imeandikwa "kelele chini". Kelele chini. Sentensi yangu yote waliikatakata ikabaki maneno mawili, na yale waliyoyatupa ndiyo yaliyokuwa na dawa.

Tuseme walikosea kwa nia njema. Giaboksi ikishashuka, klachi nzima iko mbele ya pua yako. Unafungua boliti za presha pleti, sahani unaishika mkononi. Wao walishusha, wakabadilisha beringi, wakapandisha. Ni kama kufunua sufuria, ukasikia harufu ya wali unaungua, ukaongeza chumvi, ukafunika.

Siku ya kulichukua, sijafika hata getini: karakarakara. Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwao. Kijana yuleyule akainama kidogo, akasikiliza kama anasikiliza redio ya jirani, akasema, "Itazoea, dada." Itazoea! Chuma hicho, si mtoto wa chekechea. Baada ya wiki hivi nimerudi, fundi mkuu hakufungua hata boneti. "Giaboksi imekufa. Tunayo ya mtumba, 750,000, kwa sababu ni wewe tufanye 700,000. Kaongee na shemeji."

Niliondoka bila kuaga. Nilifika Buguruni ndiyo nikagundua natetemeka.

Jirani yangu ana Kirikuu ya kubebea mizigo, ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Tabata. Gereji bubu, chini ya mwarobaini, hakuna kibao. Vijana wawili wamelala juu ya maboksi chini ya Noah, na kuku wanapita. Kuwaambia ukweli, nilipoona nilitaka kugeuza. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Gari ina nini?" Halafu akanyamaza, akasubiri nijibu. Nikamweleza sentensi ileile. Akauliza, "Ikipata moto inazidi?" Inazidi. "Ukiwasha AC?" Inazidi pia. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akaingia kwenye gari mlango wazi, mguu mmoja nje. Kwanza akagusa pedali kwa mkono, taratibu, kama anapima kama chapati imeiva. Sauti haikubadilika. Akasema zipo beringi za rilizi na zile uma zake, vyuma vinavyozisukuma, ambazo zinachakacha mguu ukiwa juu, ila hizo ukigusa pedali kidogo tu zinatulia, hata klachi haijaachia. Akaendelea kushusha pedali mpaka ikaachia: kimya. Kisha akaachia, akapandisha injini kidogo, labda mizunguko 1,500 kwa dakika. Karakara ikayeyuka, injini ikabaki na mvumo wake. Akashusha tena kwenye sailensi, yaani injini inazunguka bila kukanyagiwa mafuta: karakara. "Beringi ya ndani ya giaboksi ikifa," akasema, "ukipandisha injini nayo inaongeza kuimba. Hii inapunguza."

Nilimwelewa polepole, kwa hiyo na ninyi nawaeleza polepole. Injini haizunguki kwa ulaini kama tunavyodhani, inasukuma kwa mapigo, na ikiwa kwenye sailensi mapigo yanakuwa mazito na yameachana mbali. Sahani ya klachi katikati ina springi fupi, zimepangwa kwa duara, kazi yake ni kumeza yale mapigo yasifike kwenye gia. Springi zikilegea au kukatika, mapigo yanapita mazima mazima. Gia zinazozunguka bila mzigo zinagongana meno. Hilo ndilo kayamba langu. Ukikanyaga, sahani inaachana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, shafti ya kuingilia giaboksi inasimama, gia zinasimama, kayamba linasimama. Joto linafanya mafuta ya giaboksi kuwa mepesi, kwa hiyo kelele inazidi. AC inaibebesha injini mzigo, mapigo yanazidi kuwa mazito.

Hapa nakiri jambo ambalo sikupenda kulisikia. Nilimuuliza mzee, "Kwa hiyo wale ni wajinga?" Akasema hapana. Beringi ya shafti ya giaboksi nayo inanyamaza ukikanyaga, kwa sababu hiyohiyo. Mtu anaweza kuiwazia giaboksi. "Hata mimi nimeiwazia. Ila ukiiwazia, unaiuliza." Akaweka beseni chini, akafungua nati ya kumwagia mafuta, akayapitisha mafuta katikati ya vidole na kuyaelekeza juani. Hakukuwa na chenga zinazometa. Beringi iliyoliwa inaacha chenga. Dakika kumi, kibeseni cha kufulia na jua la Mungu. Wale walikuwa na mashine ya kunyanyulia magari, wakaona ni rahisi zaidi kuniuzia giaboksi.

Aliposhusha akaichomoa sahani, akaitingisha karibu na sikio langu. Wallahi, kayamba tupu. Springi nne: mbili zinacheza kwenye vyumba vyake, moja imekatika, moja ndiyo ilikuwa inahangaika peke yake. Nikaenda Kariakoo nikanunua sahani na presha pleti mpya, 190,000 baada ya kubishana mpaka koo kukauka. Mzee akataka 70,000 ya kazi. Nimewasha gari, nyutro, mguu juu. Kimya. Nilikaa pale nasikiliza kimya kama mtu aliyefunguliwa redio.

Sasa nilikuwa nimepanga niandike tu: msikanyage ile gereji. Lakini wacha niseme na mengine, nisije nikaonekana nina chuki. Beringi waliyoniwekea, mzee aliizungusha akasema ni nzima na ni orijino, akairudisha hiyohiyo. Ile ya zamani walinipa kwenye mfuko, jambo ambalo mafundi wengi hawafanyi. Nayo mzee akaizungusha, ikawa inakwaruza. Akaniangalia kwa chini ya miwani: "Mwanangu, mguu wako unalala kwenye klachi, eeh?" Niliona aibu. Ni kweli. Foleni ya Mandela nyuma ya malori ya bandarini, unasogea hatua moja, unasimama, mguu unauacha palepale kwenye pedali, beringi inazunguka bila kupumzika. Kwa hiyo hela ya beringi sikuibiwa moja kwa moja, ingekuja kuniua mbele ya safari. Na walinipa risiti ya mashine na dhamana ya miezi mitatu, wakati mzee risiti yake ni "Mungu akubariki".

Na mzee mwenyewe si malaika. Alisema kesho saa nne. Kesho yake saa sita nampigia: "Niko njiani mwanangu." Jogoo anawika, mtoto analia, maji yanamwagwa kwenye ndoo. Njia gani hiyo? Kazi ya siku moja ikawa siku nne. Halafu boliti moja ya kikinga tope cha chini haikurudishwa, kikaanza kupiga lami napanda daraja la Mfugale pale Tazara, moyo ukaruka nikidhani giaboksi imeanguka. Nilimpigia kwa hasira. Akacheka! Akasema lete, akafunga bure, ila alicheka.

Kwa hiyo? Kubadilisha oili, kuweka breki pedi, vitu vyenye bei ubaoni, ile gereji ya vigae nendeni tu, kochi ni zuri. Nilifika hapo kabisa kwenye kuwasamehe. Nilikuwa nimeshaandika na sentensi ya kuwasifia usafi wa choo.

Juzi simu inaita, namba siijui. "Habari dada, tunafuatilia wateja wetu, lile gari linaendeleaje? Ile giaboksi bado tunayo." Sauti nimeitambua kabla hajamaliza. Nikamwambia, "Ngoja nikupe shemeji." Nikampelekea mume wangu simu mezani, anakula ugali. Akasikiliza kwa heshima zote, akitikisa kichwa, akameza tonge.

"Hayo muulize mwenyewe," akasema. "Mimi ni mtu wa auto."